Kamba Niliyoiachia

Neno "achia" sipendi kulisikia mpaka leo. Mke wangu analijua hilo. Akitaka nimwongezee mbuzi kamba ili ayafikie majani ya mbele, husema "msogeze kidogo". Watoto nao wamezoea. Wageni ndio hawajui, na siwezi kusimama njiani nikamweleza kila mtu habari za Ikola.

Naandika kwa sababu nimechoka kuisimulia kwa mdomo. Kila nikisimulia, mtu ananikatiza katikati: "Kwa hiyo kamba uliiachia?" Naanza upya. Kwenye karatasi hakuna wa kunikatiza. Shule nilifika darasa la nne tu, kwa hiyo anayetaka maneno ya kupendeza asiyatafute hapa.

Sisi tulikuja Kasokola na ng'ombe kutoka kaskazini, baba akiwa bado na nguvu. Ng'ombe wakafa kwa ugonjwa. Waliobaki hawakutosha kuwagawa kwa kaka zangu, na mimi ndiye wa mwisho. Katikati ya miaka ya tisini nikateremka ziwani, Ikola, kubeba magunia ya dagaa. Kuogelea sikujua. Ziwa lenyewe nilikuwa sijawahi kuliona.

Nikapata kazi kwenye boti ambayo haikuwa boti ya kazi. Ilikuwa ya starehe, ya Mzungu mmoja aliyekaa miaka kadhaa kando ya ziwa. Nyeupe, ina chumba kidogo ndani chenye vitanda viwili na dirisha la duara. Alipoondoka akamuuzia mfanyabiashara mmoja wa Mpanda, mwenye duka na ghala pale Kashaulili. Huyu tajiri hakulala ndani ya boti ile hata siku moja. Alipokuja mara ya kwanza alichukua magodoro akapeleka sebuleni kwake. Mara ya pili alichukua kengele, akaifunga mlangoni mwa duka ili ajue mteja akiingia. Mara ya tatu aliukata mlingoti, akausimamisha nyuma ya nyumba kushikia waya wa redio. Kilichobaki akakifunga mashine nyuma, akatuambia tubebe dagaa na abiria.

Shida ya boti ile ilikuwa tumbo lake. Chini ilikuwa na pezi la chuma linaloshuka kwenye maji karibu urefu wa mtu. Mitumbwi watu waliiburuta mchangani, wakaenda kula. Yetu haikuburutika. Ilikaa majini saa zote, imeshikwa na nanga peke yake. Nanga isiposhika, huna boti, una mbao kwenye mawe.

Nahodha wetu alikuwa Mbende wa pale pale, mtu wa miaka hamsini na kitu, aliyefanya kazi na yule Mzungu tangu mwanzo. Nilimwita Mjomba ingawa hatukuwa ndugu. Yeye aliniita Mchunga.

"Mchunga," aliniuliza siku ya kwanza, "nanga inashika kwa nini?"

"Kwa uzito, Mjomba."

"Kwa uzito! Basi tukutupe wewe, kwa ugali uliokula jana tutashika mpaka Krismasi."

Akanionyesha. Nanga inashika kwa kulala. Ikilala chini, makucha yanachimba tope. Ikisimama, inatembea. Kamba fupi inaivuta juu, inaisimamisha. Kamba ndefu inaivuta kwa ubavu, inailaza. Maji yakiwa pima nne, unatoa kamba pima ishirini, na pima moja ni mikono yako miwili ukiinyoosha. Ukiwa na mnyororo kati ya nanga na kamba, kumi na tano zinatosha, maana mnyororo wenyewe unalala chini na kuilazimisha nanga nayo ilale. Kila pima tano alikuwa amefunga kitambaa chekundu kwenye kamba, ili hata mimi nisiyejua kitu nihesabu vitambaa tu.

Alinifundisha kuweka kiganja juu ya kamba. Ikitetemeka kama shavu la mtu anayesaga meno, nanga inatembea. Ikikaza na kutulia, imeshika. Alinifundisha pia kutazama nchi kavu: paa la bati la kanisa na mwembe wa nyuma yake. Vikikaa pamoja, hatujaondoka. Vikianza kuachana, tunaondoka sisi, si mwembe.

Na alinifundisha maneno. Hapa ndipo kisa changu kilipo, kwa hiyo soma pole pole. Kwenye boti, "achia" maana yake ni toa kamba: unaizungusha kwenye kigingi cha mbele, unaipitisha mkononi taratibu, mwisho wake umefungwa. Kuiacha kamba iende zake kulikuwa na neno lake jingine. Hilo ni "tupa". Akisema achia ukatupa, atakutupa na wewe.

Basi. Mambo yakaanza kuharibika kwa mnyororo. Tajiri alikuja siku moja tumeivuta nanga juu kuisafisha, akauona. Mnyororo mzuri, mnene, wa Ulaya.

"Huu unaoza bure kwenye maji," akasema.

"Tajiri, huo ndio unaoshika boti," Mjomba akamwambia.

"Na nanga ni ya nini?"

"Nanga na mnyororo ni kitu kimoja."

"Mimi naona viwili," tajiri akasema, na akaupakia kwenye gari. Ukaenda kufunga geti la ghala Kashaulili. Mjomba alilitazama gari mpaka lilipopotea, akaniambia: "Mchunga, kuanzia leo ni vitambaa vinne. Vitatu usinipe tena."

Halafu pakawa na msongamano. Ng'ambo kulikuwa na vita, watu wakawa wanavuka ziwa kwa kila kinachoelea, na vyombo vyao vikabaki kwetu. Pale Ikola boti zilijikinga na upepo wa kusini kwenye ghuba ndogo nyuma ya mawe. Ghuba yenyewe ilikuwa nyembamba, mlango wake unatazama huko huko upepo unakotoka ukipinda. Zamani ilibeba boti nane, sasa zilikuwa zaidi ya thelathini. Upepo ukigeuka, mitumbwi myepesi inageuka mara moja, yetu nzito inachelewa, basi inakuwa kugongana, kutukanana, kamba kusukana kama nywele za msichana.

Mwenyekiti wa mwalo, yaani wa ufuko ule wa kupakia na kushusha, akatoa agizo. Huyu namtaja mbele ya wote. Jina lake silisemi, lakini wa Ikola wanamjua: mwenye boti ya bluu iliyokuwa inakaa mlangoni kabisa mwa ghuba, mbele yetu, nanga yake gunia la mawe. Alisema kila chombo kisizidishe pima sita za kamba, ili kila mmoja azunguke mahali pake.

Mjomba alimfuata pale pale ufukweni, na mimi nikiwa nyuma yake.

"Mwenyekiti, pima sita kwenye maji ya pima nne hakuna nanga inayolala. Zote zitasimama. Upepo ukija zitatembea zote pamoja, kama msafara."

"Sasa unatakaje? Kila mtu ajaze ziwa kwa kamba?"

"Kamba ndefu mbele, halafu kila boti ifunge kamba ya pili kutoka nyuma mpaka kwenye jiwe la nchi kavu. Tutalala wote tumetazama upande mmoja. Hakuna wa kuzunguka. Zitaingia hata arobaini."

"Na mitumbwi yangu itapita wapi, juu ya kamba zako?"

"Itapita nyuma ya mawe."

"Mzee, wewe ulikuwa unafulia Wazungu, sasa unataka kutufundisha ziwa?"

Watu wakacheka. Na mimi, nakiri, nilicheka ndani ya moyo. Maana kwa akili yangu mwenyekiti alikuwa sawa. Mimi ni mtu wa zizi. Zizi likijaa, ng'ombe unamfunga kamba fupi, asije akamchoma mwenzake pembe. Kamba ndefu ni ya malishoni. Hilo nililijua kabla sijajua kuvaa suruali, na miezi michache ya vitambaa vyekundu haikulifuta.

Nilimwambia hivyo Mjomba tukiwa tunarudi. Akasimama.

"Mchunga. Ng'ombe ukimfunga, umemfunga kwenye nini?"

"Kwenye mti."

"Mti umeota. Sisi tumefungwa kwenye kitu ambacho tumekitupa wenyewe asubuhi. Kinashika kikitaka."

Nilimwitikia ndiyo Mjomba, lakini sikuwa nimeelewa.

Siku yenyewe ilikuwa kiangazi. Tuliingia asubuhi kutoka kupeleka watu, na Mjomba alikuwa na homa. Akateremka kwenye mtumbwi kwenda kutafuta dawa. "Tia ishirini," akaniambia. "Wakigomba, waambie waje kwangu."

Nilikuwa peke yangu mbele ya boti. Nikaitupa nanga, nikaanza kutoa kamba. Kitambaa cha kwanza kikapita. Mwenyekiti alikuwa amesimama juu ya jiwe, mikono kiunoni, ananitazama.

"Wewe Msukuma! Ngapi hizo?"

"Tano, mwenyekiti."

"Ongeza moja, funga hapo."

Nikaongeza moja, nikafunga. Sikumbishia, sikumwambia aende kwa Mjomba. Na si woga tu. Niliona ndiyo sawa.

Mjomba alirudi jua likiwa utosini, upepo umeshaanza. Alipanda, akatazama mbele, akaona kamba imesimama wima kama ya kisimani. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Umepima kwa mikono ya nani?"

Akaenda nyuma kwenye mashine, maana alikwishaona paa la kanisa na mwembe vinaachana. Nikaweka kiganja kwenye kamba. Ilikuwa inasaga meno.

Mashine ikakataa. Akavuta kamba yake mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, jasho la homa linamtiririka. Nyuma yetu kulikuwa na mawe, nasikia maji yanavyopiga. Mitumbwi ya pembeni nayo ilikuwa inatembea, yote pamoja, vile vile alivyosema: msafara. Wanawake wakapiga kelele ufukweni.

"Achia!" Mjomba akapaza sauti. "Mchunga, achia! Achia!"

Nikafungua fundo, nikazungusha kwenye kigingi, nikaachia. Kitambaa cha pili kikapita. Cha tatu. Ngozi ya viganja ikaondoka na kamba, na makovu yapo, anayetaka kuyaona aje. Cha nne. Zikabaki tano za mwisho, nikazitoa nazo, mpaka fundo la mwisho likakaza kwenye kigingi, boti nzima ikaruka kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Halafu ikatulia. Niliweka kiganja. Kimya. Kamba imekaza, haitetemeki. Nanga ilikuwa imelala, imechimba, imeshika. Kati yetu na mawe pangetosha mtumbwi mmoja.

"Imeshika, Mjomba!"

"Nimesikia," akasema, na akacheka. Nilimwona akicheka.

Ndipo boti ya bluu ikaja. Gunia la mawe lilikuwa limepasuka au limeburutwa, sijui, ila boti haikuwa na mtu na ilikuwa inakuja kwetu ubavu mbele. Mjomba akachukua upondo, ule mti mrefu wa kusukumia, akaenda kuisukuma. Mti ukateleza. Mawimbi yakainyanyua ile ya bluu, ikashuka, na yeye alikuwa katikati, mbao kwa mbao, usawa wa kifua. Mara moja tu. Ilipoachana nasi, aliketi chini kama mtu aliyechoka. Alifia njiani, kabla ya kufika Mpanda, juu ya gari la dagaa.

Siku nne baada ya kumzika ukaitwa mkutano. Ulikuwa pale pale mwaloni. Mwenyekiti wa mkutano alikuwa nani? Yeye. Mwenye boti ya bluu. Katibu alikuwa mtu wa kuja, aliyeletwa kutoka bara kwa sababu ana mwandiko mzuri, hajawahi kushika kasia.

"Wewe ndiye uliyekuwa kwenye kamba?"

"Ndiyo, mwenyekiti."

"Agizo la pima sita ulilijua?"

"Nililijua."

"Upepo ulipokuja, uliachia kamba au hukuachia?"

Nilijibu kama alivyonifundisha marehemu. Nilijibu kwa neno la boti, tena karibu kwa fahari, maana ndiyo kazi pekee niliyoifanya vizuri siku ile.

"Niliachia."

Watu wakaguna. Mwenyekiti akamgeukia katibu. "Andika. Kijana amekiri mwenyewe. Aliachia kamba, boti yao ikaondoka ikagongana na nyingine."

"Sivyo, mwenyekiti. Niliachia, lakini mwisho ulikuwa umefu..."

"Uliachia, hukuachia? Usituzungushe kama ng'ombe wenu."

Wakacheka. Udongo wa kaburi ulikuwa haujakauka, na nyie mlicheka. Boti ilikuwa pale, hatua hamsini, inaonekana. Kamba ilikuwa bado kwenye kigingi. Mtu angekwenda tu akaivuta, angehesabu vitambaa, angeiona nanga imejaa tope mpaka kwenye shingo. Hakuna aliyeinuka. Waliokuwa ufukweni siku ile na walioona boti ipi ilikwenda kwa ipi, walitazama vidole vyao vya miguu, kwa sababu mwenyekiti ndiye anayegawa mahali pa kuanikia dagaa.

Katibu simlaumu sana. Aliandika alichosikia, na kwa Kiswahili cha bara kuachia ni kuachia. Lakini mwenyekiti alizaliwa juu ya maji. Alijua "achia" ni nini. Aliniuliza kwa neno lile akijua nitalijibu.

Wakaamua nisifanye kazi kwenye chombo chochote cha mwalo ule. Nikatia kidole kwenye kitabu chao. Tajiri hakuja mkutanoni. Alituma ujumbe kwamba boti iuzwe.

Kabla sijaondoka nilikwenda kumuaga mke wa marehemu. Alikuwa anageuza dagaa juani, hakuacha kazi.

"Mwanangu, agizo lake la mwisho kwako lilikuwa lipi?"

Niliogopa. Nikasema, "Achia."

"Ukampa ngapi?"

"Zote, mama. Ishirini na tano."

"Ikashika?"

"Ikashika."

Akatikisa kichwa, ndiyo. Ni mtu mmoja tu katika Ikola nzima aliyenielewa bila kumfafanulia, na hakuitwa mkutanoni. Nilihisi kama mtu amenitua gunia. Halafu, bila kuinua uso, akauliza: "Na asubuhi?"

Kunguru walikuwa wanaiba dagaa pembeni na hakuna aliyewafukuza.

"Sita," nikasema.

Akaendelea kugeuza. Nilingoja. Alifika mwisho wa safu, akaanza safu nyingine, na mimi nikaondoka.

Miaka ya tisini ilipokuwa inakwisha nilirudi Ikola mara moja. Sikuweza kukaa Kasokola na neno lile. Hata huko lilikuwa limefika, watu wa magari ya dagaa walinionyesha kwa kidevu. Katibu alikuwa amebadilishwa, sasa ni dada mmoja mpole. Nikamwomba anisomee kitabu cha mikutano. Akatafuta, akasoma: "Aliachia kamba."

"Dada, naomba ubadilishe. Andika, aliongeza kamba."

"Kaka, si ni kitu kimoja?"

Nikamweleza. Kigingi, vitambaa, mnyororo ulioko getini Kashaulili ambao naupita kila nikienda sokoni, gunia la mawe. Alisikiliza mpaka mwisho, na hilo namshukuru.

"Kilichoandikwa mkutanoni mimi siwezi kukifuta," akasema. "Lakini naweza kuandika pembeni." Akachukua penseli, akaandika kwenye ukingo wa karatasi, herufi ndogo: *aliongeza*.

"Penseli inafutika," nikamwambia.

"Ndiyo hiyo niliyo nayo, kaka." Akashika kitabu bado kikiwa wazi. "Kuna kingine cha kuongeza?"

Nilitazama ule ukingo. Palikuwa na nafasi ya kutosha.

"Hakuna," nikasema, na akakifunga.

Mwenyekiti amekufa, tajiri bado yupo, mnyororo bado uko getini, una kutu. Nimewataja wote na sijapumzika. Kwa hiyo naandika hapa kile ambacho dada yule hakukiandika, kwa kuwa sikumwambia: asubuhi ile niliambiwa ishirini, nikatia sita.